Cheche Isiyongoja Zamu

Ilianza Jumanne, penye kilima cha kwa Eluned Pugh.
Nilikanyaga mafuta, Chevrolet ikavuta pumzi,
ikanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta tusi,
kisha paa!
Kondoo thelathini na mmoja wakatawanyika,
mbwa wangu Moro akaruka kutoka nyuma ya pikapu,
na Eluned akachungulia, shali kichwani,
akauliza kama hatimaye nimempata yule puma.

Sikumpata puma. Nilipata aibu.
Siku nne bonde zima la Chubut lilijua nilipo:
nikienda kuuza jibini, paa;
nikipita mbele ya kanisa, watu wamo mazikoni, paa,
padri akasita katikati ya Baba Yetu.

Wenceslao wa kituo cha mafuta akasema ni uchafu.
Nikamwaga tangi, nikachuja petroli
kwa soksi ndefu ya marehemu mama.
Paa.
Mpwa wangu akasema, ni plagi, shangazi.
Nikazing'oa zote sita, nikazipanga juu ya gazeti
kama meno ya mtu, nikazisugua hadi zikang'aa.
Paa! Na safari hii niliona ilikotokea:
juu, mdomoni mwa kabureta.
Moto ulitoa ulimi, ukaramba kope zangu.

Fundi mmoja tu huku anaijua injini hii,
Ovidio, na Ovidio alikuwa mume wangu.
Miaka sita salamu yetu ni kidole kimoja
kinachoinuka juu ya usukani, kikashuka.
Mwenye shida hachagui mlango. Nikaenda.

Hakuniuliza habari.
"Inapigia mbele au nyuma?"
Mbele.
"Asubuhi au mchana?"
Asubuhi, penye umande. Na mlimani.
Akamulika taimingi; alama ilitulia mahali pake.
Akatega sikio kandokando ya manifoldi
asikie kama inavuta hewa ya wizi. Haikuvuta.
Akaweka bisibisi chini. "Tungoje giza."

Basi tukangoja giza,
na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi.
Watu wawili, kibuyu kimoja cha chai chungu,
mrija uleule ukitoka kwake ukija kwangu,
Agosti ikiganda juu ya mabati.
Nilianza kusema kitu kuhusu bei ya sufu,
naye, wakati uleule, kitu kuhusu goti lake.
Tukanyamaza wote wawili.
Hatukuachana kwa chuki, sisi.
Tulikatizana tu, miaka kumi na tisa.

Saa mbili usiku akazima taa ya gereji,
akafunua boneti, akanyunyizia distributa maji,
akaniambia washa.
Niliwasha, nikashuka, nikainama kando yake.
Hapo nikauona:
uzi wa buluu, mwembamba kuliko unywele,
ukitambaa juu ya kifuniko cheusi
kutoka tano kwenda tatu,
tena kutoka tano kwenda tatu,
na zamu ya tatu bado,
vali yake haijawahi hata kufumba mdomo.
"Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne,"
alihesabu kwa kidole hewani, taratibu.
"Ni ufa. Mchana huuoni."

Kifuniko kizima alikitoa kwenye kopo la biskuti,
cha gari fulani lililokwisha kufa.
Akahamisha nyaya mmoja mmoja,
asiung'oe wa pili kabla wa kwanza haujakaa.
Nilimshikia tochi. Sikusema neno
mpaka alipomaliza, na hata hapo
nikasema asante tu.
Pesa alikataa. Nilimwekea jibini mbili,
akachukua moja.

Kilima cha Eluned nilikipanda usiku uleule, gia ya pili,
nikakanyaga mafuta palepale.
Injini ikanguruma, basi, ikaendelea kunguruma
kama mtu anayejisomea barua ndefu.
Eluned hakuchungulia.
Ila Moro, kule nyuma,
alikuwa kalala chini tayari, masikio kayabana,
akingoja.