Ubishi na Mihayo, Umeme Ulipokatika

Kaa, Mihayo. Usiondoke na hasira zako gizani.
Umeme utarudi, au hautarudi,
hoja yangu haiwasubiri Tanesco.

Nasema tena: Bwana Shaba ni shujaa mvivu.
Ngumi ya kwanza, ghorofa chini.
Ngumi ya pili, daraja.
Kisha huyo anapaa, joho linapepea,
na toleo linalofuata mji umesimama kama jana.
Nani alifagia?
Nani alikoroga zege?
Mimi mtoto wa kota za reli.
Nimemwona baba na spana siku tatu
kwa behewa moja la chumvi ya Uvinza
lililoacha njia karibu na Malolo.
Siku tatu, na mvua juu.
Nikamwonyesha lile jalada unalolipenda,
Bwana Shaba kainua treni kwa mkono mmoja.
Baba akasogeza miwani, akatazama weee,
akauliza, "Breki kafunga?"
Halafu: "Tena kashika pasipobeba uzito."

Na hilo joho! Mpandishe baiskeli
kwenye mchanga wa Ng'ambo uone
kama mnyororo hautalitafuna.

Unasema nawaonea wivu wenye nguvu.
Sina wivu. Ila mtu asiyeumwa, asiyedaiwa,
risasi zinamdunda kama mvua ya mawe kwenye bati,
ujasiri atautolea wapi?
Jasiri ni yule muuza magazeti wa ukurasa wa tisa,
aliyemvuta mtoto wa watu chini ya meza
na hakuchorwa tena.
Nimemtafuta matoleo yote.
Yote niliyoyapata, niseme,
maana unajua tulivyoyasoma:
kwa mafungu, kwa Bibi Nyamizi wa stesheni,
karanga za mia mbili, ukurasa mmoja mmoja.
Toleo la kumi na moja nilitafuna hadi tumbo likakataa,
na siku adui alipovuliwa kinyago
doa la mafuta lilikuwa limemkalia usoni
barabara.
Hadi leo simjui.

Chombo chetu cha Jumatano, hicho nakipenda,
na ninayempenda ndiye ninayemsema.
Milango inafunguka yenyewe, fyuu. Sawa.
Lakini miaka mia nne mbele hakuna anayekuna nazi,
hakuna anayetafuta kiatu,
na kila kiumbe wa kila sayari, mwenye macho sita na asiye na kichwa,
anamwelewa kapteni kwa neno la kwanza.
Waje hapa saa nane usiku,
ya Kigoma imechelewa, ya Mpanda imekwama,
ya Mwanza inapiga honi mbali huko,
mama wa Kiha anauliza choo kwa Kiha,
anajibiwa Kisukuma,
anaonyeshwa kwa kidole na Mfipa aliyesinzia,
na mtoto mgongoni anacheka na taa.
Hicho ndicho kituo cha anga, Mihayo.
Wenzetu wametumia mamilioni kukijenga kwa maboksi
na wamesahau kuweka mizigo.

Ninayemwamini mle ni Oreni peke yake.
Fundi. Mikono ina grisi,
hasemi maneno ya kuandikwa ukutani.
Kapteni anamwita, "Dakika ngapi?"
"Kumi."
"Unazo tano."
Sasa huyo kapteni na bosi wa karakana
wamenyonya ziwa moja au vipi?

Basi leo kaingia chumba cha mtambo,
mvuke mweupe, mkono kwenye valvu,
kageuka kama anataka kusema kitu,
na Isevya yote ikazimika.

Wewe unasema amekufa.
Unasema mafundi ndio hufa, ndiyo kazi yao kwenye hadithi.
Mimi baba alirudi kutoka Malolo.
Alirudi na matope mpaka kiunoni, akaomba uji.
Sina hoja nyingine zaidi ya hiyo
na najua si hoja.

Sikia. Friji la Kapela limeanza kunguruma.
Kimbia wewe, goti langu bovu.
Ukikuta amekufa
usiniambie leo.