Pindo la Vidole Vinne

Sketi ya Nsia niliinunua Kiborloni,
ndefu kwa vidole vinne.
Muuzaji akacheka: "Mama, huyu ataogelea humo."
Nikamjibu, atakua.
Nikarudi Pasua kwa miguu, nikaikunja,
nikashona kwa mkono, mshono wa kulegea,
wa kufumuka bila ugomvi.

Ndio mwaka tulioweka hati benki:
nyumba ya vyumba vitatu, bati la bluu,
choo kikiwa bado na pazia badala ya mlango.
Miaka kumi na mitano, alisema afisa mikopo,
akatugeuzia karatasi, na ile jumla ya chini
ilikuwa nyumba mbili.
Ndewario hakusema neno mpaka mnara wa saa.
Hapo akasimama, watu wakimpita kushoto na kulia:
"Nyumba ya pili ni ya nani?"

Basi tukaanza kuibomoa ile ya pili
kabla haijasimama.
Tofali kwa tofali.
Sukari ikawa ya Jumapili.
Kande la Jumatatu likalala likawa la Jumanne,
Jumatano likaongezwa maji likaitwa supu.
Vipande vya sabuni, vyembamba kama kucha,
nilivigandamiza kiganjani mpaka vikakubali kuwa kitu kimoja.
Mafuta ya kula Ndewario aliyapima kwa kizibo,
na usiku alizunguka akizima taa;
hata umeme ulipokatika mtaa mzima
nilimsikia gizani akipapasa swichi.

Zamu za usiku Mawenzi nilizichukua za wenzangu.
Masomo ya ziada aliyafundisha sebuleni kwetu,
wanafunzi wanane, viti vinne.
Kila kilichozidi tulikipeleka benki kabla hakijatuzoea.

Na kila Januari nikafumua pindo,
nikalishusha kidole kimoja.
Pale palipokuwa na mkunjo pakabaki mstari,
bluu iliyokolea juu ya bluu iliyochoka.
Mwaka wa nne mistari ilikuwa minne.
Shuleni wakamwita Rula.
Hakuniambia. Nililikuta jina nyuma ya daftari lake,
kwa mwandiko usio wake,
nami nikalifunga daftari, nikaenda kuchambua maharage.

Mwaka wa tano hatukupanda Mamba, Desemba.
Wifi yangu Aikande akapiga simu:
"Hata mbuzi? Hata mguu wa mbuzi?
Mchaga gani anaiogopa nauli ya nyumbani?"
Nyuma yake nilisikia visu vikinolewa
na mtu akicheka kile kicheko cha kata ya tatu ya mbege.
Baba mkwe akapewa simu.
Aliuliza tu kama tunaumwa.
Akauliza tena.
Aprili tulipanda, kumzika.

Daftari langu lina safu za chumvi, mkaa, luku, ada.
Nililishika usiku ule na kalamu mkononi.
Sikuona pa kuandika.

Miaka minane na miezi sita.
Afisa alikuwa mwingine, kijana, tai yake imelegea.
"Mlikuwa na haraka gani?" akauliza,
akatusukumia bahasha ya kaki.
Ndewario akahesabu kurasa, akahesabu tena,
kisha akaomba kalamu ya benki aondoke nayo.
Tulikunywa soda mbili pale nje, za baridi kweli,
tukarudisha chupa,
tukadai hela ya chupa.

Jumamosi nilimnunulia Nsia sketi ya kidato cha nne,
ya dukani, bado ina pini na karatasi.
Nikaigeuza ndani nje,
nikapima vidole vinne, nikakunja.
Alikuwa mlangoni, kichwa kinakaribia kizingiti,
mkono wake juu ya swichi.
"Mama," akasema taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa,
"mimi nimeshaacha kurefuka."

Uzi ulikuwa umeshaingia tunduni.
Nikashona.