Tisa kwa Kumi

Mchambuzi aliupa tisa kwa kumi.
Nilimsoma mara mbili, simu mkononi,
nimeegemea mlango wa banda langu la gemu, Isevya.
Nikauza redio ya marehemu baba,
nikaagiza diski kutoka Dar.
Ikaja na treni, imeviringishwa gazeti,
ina joto kama andazi.

Alisema: saa arobaini za hadithi nzito.
Alisema: usiwe na pupa, acha mchezo ukutafune.
Alisema msitu wake unapumua.

Sasa, bandani kwangu
nusu saa ni shilingi mia tatu.
Watoto huja na nusu saa mfukoni.
Hizo arobaini nani anazo?
Dakika ishirini za kwanza mfalme yuko kitandani, anakohoa,
farasi anakunywa maji,
mfalme anakohoa tena,
na Shagembe, pedi kaikaba kwa vidole vyote, akaniuliza:
"Kaka, huyu anakufa lini tuanze?"

Akafa. Tukauona msitu.
Umeme ukakatika.

Uliporudi, mfalme alikuwa mzima,
anakohoa upya.

Chini kabisa, baada ya picha ya mwisho,
mchambuzi alikuwa ameandika,
kama mtu anayepangusa vumbi begani:
*Kasoro ndogo: mchezo haujihifadhi mpaka umalize hatua.*
Ndogo!
Kwake, ndogo.
Kwangu mimi, mteja wa LUKU na wa mvua za radi,
hiyo kasoro ndiyo mchezo wenyewe.
Lakini mwongo hakuwa. Alisema.
Ni mimi niliyeruka sentensi moja iliyonihusu
nikikimbilia namba.

Upo mwingine aliupa nne.
"Wa kitoto," akasema, "watu wanakimbia kama wamefungwa kamba,
dakika tano umekwisha."
Niliununua kwa kuwa ulikuwa wa bei ya chee.
Leo vitufe vimefutika herufi kwa mchezo ule.
Foleni inafika kwa fundi viatu,
naye siku hizi anashona huku shingo imegeukia kwangu;
juzi kajichoma shazia.

Bi Kalunde anauza asali karibu na stesheni.
Hajawahi kutamka "tamu."
"Tamu ni ya ulimi wako," husema.
"Hii imetoka Sikonge, nyuki walikula maua ya mtundu,
ina uchungu kidogo nyuma ya koo.
Hii ilipata moshi mwingi, nakuambia kabla hujalipa."
Basi. Anageuka kufukuza nzi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama namwamini mchambuzi,
namwamini kama ninavyomwamini abiria
anayeshuka alfajiri akisema Tabora kuna baridi:
kwanza namtazama kavaa nini,
kisha namuuliza katokea wapi.
Wa Dar atatetemeka. Wa Njombe atavua koti.
Wote wawili wamesema kweli
na mimi bado sijajua nivae nini.

Haya yote nilikuwa nayajua
Jumamosi ile Ndekeja alipoingia.
Darasa la tano, kandambili za rangi mbili,
sarafu zimelowa jasho la kiganja.
"Kaka, ipi nzuri?"

Nilikuwa nahesabu chenji.
"Ya magari," nikasema.
Sikumtazama hata usoni.

Nilipoinua kichwa gari lake lilikuwa limelala chali,
magurudumu yanazunguka hewani,
naye anatazama runinga ya jirani
walikokuwa wakicheka.
Hakulalamika. Muda ulipoisha
aliiweka pedi taratibu, kama yai,
akaniambia asante.

Jumamosi iliyofuata hakuja.
Hii ya leo pia, na jua linazama.
Nimechukua chaki, nimeandika mlangoni chini ya bei:
*Niulize. Lakini kwanza niambie
una dakika ngapi, na unapenda nini.*