Kipimo

Wamacho amenipigia simu mara tatu:
nyumba ya Bondeni ikabidhiwe Jumatatu.
"Vitu vya mzee, dada, amua wewe."
Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Eldoreti.

Basi nimemwaga gunia kwenye saruji.
Glovu mbili, wekundu wake umekuwa rangi ya maini;
ya kushoto ina kiota cha panya,
vipande vya gazeti
na, Mungu wangu, ncha ya leso ya mama.
Kaptura ya satini, mpira umekatika.
Picha moja: baba, uzani wa unyoya,
ngumi juu, macho kwa mtu ambaye picha imemkata.
Na kombe.

Kombe la mshindi wa pili.
Wageni waliambiwa "kombe", basi.
WAFUBWA limechongwa kwa haraka, W ya mwisho imeliwa,
na fedha yake ni rangi tu,
imebaki shingoni kama ukosi wa shati kuukuu.

Mnunuzi wa chuma chakavu ameegesha mkokoteni mlangoni.
Analitundika kwenye mizani yake ya ndoano.
"Robo tatu kilo. Hamsini."
Glovu hata hazigusi. "Ngozi sinunui, mama. Mpe mbwa."

Hamsini.

Mwaka ambao taya la baba lilifungwa waya
mama alilishusha kombe kutoka juu ya kabati,
akalisugua kwa majivu, akaenda nalo
langoni pa uwanja wa Afraha, kupimia njugu.
Wateja walilipenda kwa kimo chake.
Hawakujua kitako kimebonyea kwa ndani;
kila kipimo kilimwachia mama njugu saba, nane.
Nane hizo zilininunulia daftari.
Baba, kinywa hakifunguki, aliandika
pembeni mwa gazeti: LIMEPATA KAZI.
Kama ni kicheko au ni kidonda,
mpaka leo sijui.

Naligeuza. Penye kiungo cha mkono wake
kuna ganda la njugu, jembamba, limeng'ang'ana.
Nalichokoa kwa ukucha.
Kisha najuta kulichokoa.

"Mama, mimi nina safari."
Nampa kitanda cha chuma, sufuria mbili, fremu ya baiskeli.
Kombe nalitia kapuni, kati ya unga na sabuni.

Glovu bado ziko sakafuni.
Nimezifunga kamba, nimezifungua.
Ya kushoto inachakura.
Kuna mwenyewe humo,
na Jumatatu ni yake pia.