Utenzi wa Seva Iliyosahau Mwaka

Wino leo siutaki,
karatasi siishiki,
kibodi hainichoki,
nipe kiti, nipe feni.

Mimi ni Somoe Shee,
niitwapo nitembee,
mikoba nijibebee,
mtaa wangu Langoni.

Seva ilipofikishwa,
kwa punda ilipandishwa,
na leso ikavalishwa,
bibi harusi njiani.

Ikawekwa zahanati,
juu ya lile kabati,
miaka tisa kwa dhati,
kadi zetu kifuani.

Juzi stima ikazima,
jenereta ikagoma,
siku tatu za kukwama,
ukimya mle chumbani.

Stima iliporejea,
kijani ikatokea,
feni ikajivumia,
lakini wapi, jamani!

Muuguzi Mwanatumu
kanipigia kwa simu,
sauti ina wazimu:
"Tumefungiwa langoni!

Cheti hakijawa chema,
basi siwezi kusoma,
na nje wamesimama
akina mama foleni."

Karani akaapia
virusi vimeingia;
mlinzi kashadidia
ni chumvi ya baharini.

Sikubisha, sikucheka,
begi chini nikaweka,
nyaya zote nikashika
kama mkunga tumboni.

Dirisha jeusi tii,
kishale hakitulii;
Linux haikuzuii,
uliza tu, kwa makini.

Diski nikaichungua,
nafasi imepungua,
ila haijaugua,
kwa mia, ni themanini.

Hata hivyo nikafuta
kumbukumbu zilosota
za printa iliyoteta
tangu mwezi wa Shabani.

Anwani nikaipiga,
ikajibu bila woga
kama jirani wa soga
aitwaye dirishani.

Karani: "Zima, uwashe!
Au ndani tuioshe!
Tuweke mpya, tuishe!"
Nikasema: subirini.

Kuzima bila kujua
ni kidonda kufukia,
kesho kitakurudia
kwa usiku wa manani.

Saa mbili zikapita,
mofa moja nikakata,
jibu sijalikamata,
na haya tele usoni.

Mzazi akauliza,
huku mwanawe kalaza:
"Tarehe mlonijaza
ya chanjo ile, ni lini?"

Tarehe! Nikashituka,
vidole vikaamka,
neno moja nikaweka,
ikajibu: ni Sabini.

Elfu moja mia tisa
na sabini: ndiyo sasa!
Miaka imeitosa,
mimi sijawa tumboni.

Cheti tulichokitoa
kwake ni cha kungojea;
watoto wanaolia
hawajaja duniani.

Skurubu nikafungua,
vumbi na kutu katoa,
betri nikaitambua:
imeshakufa, maskini.

Kidude kama sarafu
chalinda saa nadhifu;
kikifa, saa ni pofu,
siku hurudi mwanzoni.

Funguo nyingi za gari
huwa nayo, ni tayari;
kwetu punda ni fahari,
hana rimoti shingoni.

Nikamwendea sonara,
Twahiri, hana papara,
dhahabu yenye kung'ara
apima kwenye mizani.

Ndani ya mizani hiyo
imo betri niombayo;
Twahiri hana uchoyo,
lakini ana yakini.

Kanitazama kwa jicho:
"Hicho, ndicho utakacho?
Nami ndicho nipimacho.
Nakukopesha: ni deni.

Alhamisi irejee,
harusi isingojee,
dhahabu niipimie
ya binti wa Mkomani."

Betri kaketi mahali,
saa nikaikabili,
mwaka ukawa wa kweli,
kadi zikaja machoni.

Yule mama akapewa
tarehe aloambiwa;
mwana sindano katiwa,
kilio hadi uani.

Mlinzi bado hakiri,
chumvi, asema, ni shari.
Sikumpinga; kwa siri
kutu niliona ndani.

Daftarini naandika,
nisije tena zunguka:
"Kwanza tarehe kumbuka,
kabla ya diski na feni."

Betri nimeshaagiza,
Mokowe imejilaza;
Alhamisi yanikwaza,
sonara yu mlangoni.

Printa ingali yateta,
karatasi yaikata.
Hiyo sijaifuata.
Labda mwezi Ramadhani.