Nukta ya Peke Yake

Mwalimu mkuu aliandika ubaoni namba moja:
arubaini na moja nukta tatu.
"Huyu," akasema, "ndiye mtoto wenu."
Tukamtazama, walimu kumi na mmoja,
mtoto asiye na sare wala kiatu,
asiyewahi kuitika jina asubuhi,
asiye na dawati Ahero nzima.

Kisha akapunguza sauti:
"Wale watano wa mwisho wakifanyia mtihani kwingine,
wastani utapanda wenyewe. Fikirini."
Chai ikapoa.

Usiku nikanunua bando la shilingi ishirini.
Kule mtandaoni kuna mama mmoja, sauti ya mkwaruzo,
anafundisha takwimu bure.
Bando hukatika katikati ya mkengeuko
naye hubaki mdomo wazi kwenye kioo
kama mtu aliyesahau jina la mkwewe.
Kabla ya kukokotoa, husema, chora.
Kabla ya kujumlisha, tazama.

Basi nikachora.
Rejesta ile yenye madoa ya mafuta ya taa,
siku za kukosa nikazilaza chini,
alama nikazisimamisha wima,
watoto hamsini na wawili, nukta hamsini na mbili.
Zikateremka
kama nyasi zilizolazwa na maji ya Nyando.
Nilipotenga wiki kwa wiki, shimo lilikuwa palepale:
ya sita hadi ya tisa, muhula huu,
na muhula kama huu mwaka jana.
Jedwali halina pua. Mimi ninayo.
Wiki ya sita hunuka mpunga unaokomaa.

Kumbe wale watano wako madunguni, wanaamia ndege,
kombeo mkononi, koo zimewakauka,
kwelea wakishuka kama mchanga uliomwagwa,
maana shamba likiliwa, karo imeliwa,
na hilo halina safu yake kwenye rejesta.

Lakini nukta moja ilikataa.
Juu kulia, mbali na wenzake:
siku ishirini na tatu za kukosa, alama sabini na nane.
Nikadhani mkono umeteleza.
Nikafuta, nikahesabu upya kwa kidole.
Ikarudi.
Nukta ya namna hiyo, mama wa mtandaoni alishasema,
usiifute kabla hujaitembelea.

Nikaitembelea Jumamosi, matope hadi gotini.
Inaitwa Apondi.
Ilikuwa juu ya dungu na daftari lililofungwa kamba ya mkonge.
Nikafungua nikitarajia insha.
Vijiti.
Vinne wima, cha tano kikivikata,
kurasa baada ya kurasa:
makundi yaliyotua, makundi yaliyofukuzwa,
siku za mawingu upande huu, siku za jua upande ule.
"Kukiwa na mawingu hawaji kabla ya saa nne," akasema,
"kwa hiyo nasoma mpaka saa nne.
Jua likiwaka wanakuja mara mbili. Nasoma katikati."
Nani alikufundisha?
Akanitazama kama niliyemuuliza nani alimfundisha njaa.
"Ndege."

Jumatatu nikabandika grafu ofisini kwa ugali wa jana.
Mwalimu mkuu akaisimamia, miwani juu, miwani chini.
Sikumwambia wastani ni mwongo;
naye ana wakubwa wanaomngoja na namba moja mkononi.
Nilimwomba kitu kidogo tu:
mtihani wa katikati ya muhula utoke wiki ya nane,
na wale watano wabaki.
Akasema atafikiri.
Chai ilikuwa bado moto, hilo naliandika pia.

Apondi alikuja kuiona picha.
Nikamwonyesha nukta yake. Akaigusa, akacheka kidogo,
kisha akatafuta tena, juu, chini, pembeni,
kwa jicho la mtu aliyezoea kukagua anga.
"Mwalimu," akasema, "mbona ndege hukuwaweka?"

Nimenunua bando jingine.
Ni saa tatu na robo, mtandao unazunguka,
na hiyo safu mpya bado sijaipa jina.