Miraba Mia na Kumi na Nne

Kaisa aliichora kwa rula nyuma ya kalenda kuukuu,
miraba mia na kumi na nne, kila mraba dola mia,
akaibandika mlangoni pa friji
pale wengine wanapobandika picha za ufukweni.
Alikuwa na miaka tisa. Akauliza:
"Mama, kwani tulinunua nini?"

Nikasimama na kisu mkononi, karoti nusu.
Tulinunua tanuri la kupashia nyumba, lile la zamani lilipokufa Januari.
Tulinunua jino la baba yako.
Siku tatu za hoteli yenye bwawa, ambako ulitapika.
Na zilizobaki, mwanangu,
zilidondoka kama mchele wa gunia lililotoboka;
nami nimelibeba, natembea, sikugeuka.

Duluth, Desemba. Ziwa limeganda mpaka macho yanapokomea.
Toivo anashusha kipimo cha joto hadi sitini,
akiingia kuoga napandisha hadi sitini na mbili,
akitoka anashusha.
Hatusemi. Ndoa ndiyo hiyo.

Jumatatu maharage.
Jumanne maharage yale yale, na jina jingine.
Jumatano nayaponda, nayapaka kwenye mkate.
Alhamisi hakuna anayeuliza.
Tyubu ya dawa ya meno naipasua kwa mkasi:
mna wiki nzima humo ndani, nani alijua?
Nilimnyoa Toivo jikoni, sikio moja likatokeza kuliko jingine.
Karakana ya mabasi ya shule ikamcheka siku kumi.
"Waache wacheke," akasema. "Dola kumi na nane."

Waliosema dawa ya deni ni kulipa
hawakusema ni dawa ya kumeza kila mwezi,
na kwamba ugonjwa hula wakati wewe umelala.
Tulipeleka mia tatu.
Riba ikajichotea mia na sabini na tisa mlangoni.
Kaisa akapaka rangi mraba mmoja na kipande,
akauliza nyingine ziko wapi.
Nikachukua biskuti yake, nikaimega, nikala kubwa,
nikamrudishia dogo.
Akanitazama muda mrefu.
Hakuuliza tena.

Machi, mfukoni mwa koti lake, nikakuta risiti:
kahawa, dola nne na senti sitini.
Niliishika kama mtu aliyekuta barua ya mwanamke.
Nikamsubiri mezani, taa moja.
Akavua glavu, akaiona, akasema:
"Nilikuwa na baridi, Marlys."
Basi.
Maneno niliyoyapanga tangu saa kumi
yakabaki kinywani kama punje za mchanga.

Aprili giaboksi ikavunjika.
Tukarudi nyuma miraba kumi na miwili.
Kaisa aliifuta kwa raba, kwa nguvu,
hadi karatasi ikatoboka na mlango wa friji ukachungulia.

Kadi yenyewe hatukuikata. Haikuwa ushujaa,
mkasi ulikuwa mbali tu.
Asubuhi moja barafu imeng'ang'ania kioo cha gari,
kikwangulio kimepotea, Toivo akaitoa kwenye pochi.
Ikakwangua vizuri.
Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yake.
Theluji ya kwanza ilimeza tarakimu nne,
iliyofuata ikamaliza jina langu.

Mraba wa mwisho ulipakwa rangi Novemba ya nne.
Kaisa, sasa mrefu kunishinda, aliufanyia haraka,
alikuwa na mazoezi ya mpira wa kikapu.
Nilidhani ningepiga kelele.
Niliosha mfuko wa plastiki, nikautundika juu ya sinki.
Toivo akaenda kwenye kipimo cha joto,
akakigusa, akakipandisha
hadi sitini na nane,
akasimama pale ameweka mkono ukutani,
akisikiliza tanuri linavyonguruma chini ya sakafu,
tanuri letu.

Baada ya robo saa nikamwona anakishusha.
Sitini na tano.
Sikusema kitu.